MALI BILA DAFTARI: MTIHANI WA UHASIBU NI KAZI YA NYUMBA NZIMA

NDUGU msomaji, kama katika nyumba yako yumo mtu anayejitayarisha kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, bila shaka umekwisha kuzoea mambo matatu. Umezoea kuona meza ya chakula imegeuka kuwa meza ya karatasi. Umezoea kusikia vidole vikigonga kikokotoo wakati wengine wote wamelala. Na umezoea jibu moja kwa kila ombi, liwe la harusi, la ngoma ya jirani au la safari ya kwenda kuwaona wazee kijijini: "Baada ya mtihani." Katika nyumba nyingine jibu hilo limetolewa mwaka wa kwanza, likatolewa wa pili, na sasa ni mwaka wa tatu na hapana anayeliamini tena.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtahiniwa na kwa ajili ya wale wanaoishi naye: mume, mke, watoto, wazazi na ndugu waliofikia nyumbani. Tumewaweka pamoja kwa sababu tunaamini kwamba wengi wanaoanguka katika mitihani hii wana akili ya kutosha. Kinachowapungukia ni utaratibu, na utaratibu hauwezi kuwekwa na mtu mmoja katika nyumba ya watu sita.

KWA NINI TAIFA LILIUTAKA MTIHANI HUU

Kabla ya kusema habari za meza na taa, yafaa tukumbuke mtihani huu ulitoka wapi, maana anayejua sababu ya safari huvumilia urefu wa njia.

Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari, 1967, njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma. Katika siku chache zilizofuata mabenki yalitaifishwa, ikaanzishwa Benki ya Taifa ya Biashara, na viwanda na makampuni kadhaa yakawa mali ya wananchi, ama yote ama kwa sehemu kubwa. Lakini mali si majengo na mitambo tu. Lazima pawepo na daftari linalosema mali hiyo ni kiasi gani, iko wapi, nani anatudai na nani tunamdai. Wahenga walikwisha kulisema jambo hilo kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wananchi walioweza kuyashika madaftari makubwa ya namna hiyo walikuwa wachache mno. Aliyetaka kuwa mhasibu kamili hakuwa na mtihani wa nchi yake. Alilazimika kufanya mitihani ya vyama vya wahasibu vya Uingereza. Basi mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi la Tanzania ili kukagua hesabu za mashirika ya umma. Mwaka 1972 kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha mjini Dar es Salaam, kikifuata Chuo cha Elimu ya Biashara kilichokuwapo tangu mwaka 1965. Mwaka huohuo wa 1972 Bunge likapitisha Sheria Namba 33 ya kuwaandikisha wakaguzi na wahasibu, na Bodi iliyotokana na sheria hiyo ikaanza kazi mwaka 1973.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mashirika mengi ya umma yamebinafsishwa, na biashara za watu binafsi zimekuwa nyingi. Bodi imebaki, na haja yake imezidi kukua. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa ajili ya pensheni, mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa, mkulima aliyeuza korosho au pamba kupitia ushirika, wote hao wameweka jasho lao mahali wasipopaona. Wanategemea kwamba yuko mtu aliyezitazama hesabu kwa jicho lililofunzwa na kutia saini yake. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotolewa, watu husikiliza kwa makini ni halmashauri ipi imepata hati safi na ipi imepata hati yenye shaka. Nyuma ya maneno hayo mafupi wako wahasibu na wakaguzi waliokaa miezi mingi wakilinganisha hati za malipo na fedha zilizotoka.

Kwa hiyo mtu anayekesha nyumbani kwako anatafuta nyongeza ya mshahara, ndiyo, wala si dhambi. Lakini pia anaomba haki ya kusadikiwa na watu asiowajua.

NJIA ILIVYO

Mitihani ya Bodi imepangwa kwa ngazi. Ziko ngazi za chini kwa wale wanaoanza, kisha huja ngazi ya msingi, ngazi ya kati na ngazi ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa baadhi ya masomo ya chini kwa sababu amekwisha kuyasoma chuoni. Kwa miaka mingi watahiniwa wamezoea vipindi vya Mei na Novemba, hata katika ofisi nyingi za fedha miezi hiyo hujulikana bila kutazama kalenda: makarani huwa wakimya na macho huwa mekundu.

Katika ngazi za juu mtahiniwa hukutana na utayarishaji wa taarifa za hesabu za makampuni, ukaguzi wa hesabu, kodi, na elimu ya kutafuta na kutumia mitaji. Akifaulu ngazi ya mwisho, bado hajawa mhasibu kamili. Hutakiwa pia kuwa na uzoefu wa kazi wa miaka 3 ndipo aandikishwe na kuweza kutumia cheo hicho mbele ya jina lake. Sheria inafanana na desturi ya mafundi wa zamani: maarifa bila mkono uliozoea kazi hayatoshi.

Kuna mambo mawili ambayo familia hupaswa kuyafahamu. La kwanza ni kwamba mtihani hufanywa kwa Kiingereza. Mtahiniwa anayefikiri kwa Kiswahili sokoni, nyumbani na hata ofisini hulazimika kuandika kwa lugha nyingine huku saa ikimkimbiza. La pili ni kwamba masomo haya hayakai kimya. Tangu Julai 2004 hesabu za makampuni nchini hutayarishwa kwa kufuata viwango vya kimataifa, na viwango hivyo hurekebishwa mara kwa mara. Kodi nazo huguswa kila mwaka na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa sababu hiyo vitabu alivyoacha mjomba aliyefaulu miaka 20 iliyopita ni kumbukumbu njema ya ukoo, lakini si vya kutegemewa. Mtahiniwa na apate mtaala wa Bodi wa kipindi chake, ajue ni sheria ya mwaka gani itakayoulizwa, ndipo anunue kitabu.

MACHO HUDANGANYA, MKONO HUSEMA KWELI

Sasa tuingie katika kosa linalowaangusha wengi. Mtahiniwa hurudi kazini, hufungua kitabu, na kulisoma swali pamoja na jibu lake. Jibu linakwenda sawasawa. Mstari unafuata mstari, jumla ya kushoto inalingana na jumla ya kulia, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akimaliza kurasa 30 hulala akiamini kwamba amejifunza. Kumbe amemtazama mtu mwingine akifanya kazi. Msichana hawezi kujua kusuka ukili kwa kuitazama mikono ya bibi yake tu. Sharti mikono yake mwenyewe ishike miyaa, ikosee, ifumue na kuanza tena.

Tuchukue mfano mdogo ambao hata asiyesoma uhasibu ataufahamu. Duka dogo la Mbagala limelipa kodi ya pango ya mwaka mzima, shilingi 1,200,000, tarehe 1 Oktoba. Mwaka wa hesabu wa duka hilo unakwisha tarehe 31 Desemba. Je, gharama ya pango kwa mwaka huo ni kiasi gani?

Fedha zimetoka zote, ni kweli. Lakini duka limekaa katika nyumba hiyo miezi 3 tu kabla ya mwaka kwisha: Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa kuwa kila mwezi ni shilingi 100,000, gharama ya mwaka huo ni shilingi 300,000. Shilingi 900,000 zilizobaki ni malipo yaliyotangulia. Huandikwa miongoni mwa mali za duka, kwa sababu mwenye nyumba bado anadaiwa miezi 9 ya nafasi.

Ukisoma maelezo hayo utaona ni mepesi. Sasa funika gazeti, uchukue kalamu, ujaribu kuyaandika katika leja pande zote mbili, ukitaja kila kiasi kinakwenda wapi. Wengi wataandika ile 300,000 vizuri kisha wataisahau ile 900,000, au wataiweka upande wa madeni. Hesabu zao hazitalingana, na hapo ndipo somo lilipo. Anayekutana na tatizo hilo nyumbani mwezi wa Februari atakuwa na nafasi ya kulitafuta chanzo chake. Anayekutana nalo kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi wa mtihani hana nafasi hiyo.

Vivyo hivyo ziko hila ndogo za kazi ambazo hupatikana kwa kutenda. Urari ukikataa kulingana, chukua tofauti uigawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, yumkini tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: palipotakiwa kuandikwa 540 pameandikwa 450, na tofauti yake ni 90. Mwanafunzi ambaye ameteseka na jambo hili mara tano hatalisahau. Tena atakuwa amejifunza lililo kubwa zaidi, kwamba urari uliolingana si ushahidi wa hesabu sahihi. Hati ya malipo ikisahauliwa kabisa, pande zote mbili zitapungua sawasawa na urari utalingana kama kawaida.

Kisha kuna saa. Karatasi ya saa 3 yenye alama 100 ina dakika 180, yaani kila alama moja imepewa chini kidogo ya dakika 2. Swali la alama 20 lina dakika 36. Mtahiniwa anayetumia dakika 60 kulitafuta jibu kamilifu la swali moja amechukua dakika 24 kutoka maswali mengine ambayo huenda yalikuwa mepesi. Kwa hiyo mazoezi ya nyumbani nayo yafanywe kwa saa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupewa kazi hiyo: akae na saa, na dakika 36 zikitimia aseme, "Baba, kalamu chini." Atafurahi kupata siku moja ya kumwamuru mzazi wake.

Bodi hutoa maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yanayopendekezwa na maelezo ya watahini kuhusu mahali watahiniwa walipojikwaa. Hiyo ni hazina. Lakini na itumiwe kwa mpango: kwanza swali, pili jibu lako lililoandikwa mpaka mwisho, na tatu ndipo jibu la Bodi.

MWENZI WA NYUMBANI KAMA MTAHINI

Wako watu husema, "Mimi sijui uhasibu, nitamsaidia nini?" Tunasema kwamba huyo asiyejua ndiye msaada mkubwa.

Mwambie mwenzi wako akueleze kwa Kiswahili alichosoma usiku huo, bila kutumia hata neno moja la kitabuni ambalo wewe hulijui. Akifika kwenye lile pango la duka, muulize, "Baba Fulani, mbona fedha zimelipwa zote lakini wewe unasema gharama ni robo tu?" Kama ameelewa, atakujibu kwa mfano wa nyumba mnayopanga, nawe utaelewa. Kama hakuelewa, ataanza kusoma kwa sauti sentensi za Kiingereza, na hapo wote wawili mtajua kwamba sura hiyo haijaisha. Mtu anaweza kulikariri neno la kigeni bila kulielewa, lakini lugha aliyonyonya nayo itamfichua upesi. Baada ya kulieleza kwa Kiswahili, alichukue wazo hilohilo aliandike kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi, kwa sababu ndicho kitakachosahihishwa.

Wala msaada huu si wa hesabu tupu. Katika ngazi za juu mtihani hupima busara, na busara ya nyumbani inaweza kuwa kubwa kuliko ya vitabuni. Fikiri habari ya mfanyabiashara wa kanga mwenye doti 100 ghalani. Alizinunua kwa shilingi 8,000 kila doti, yaani shilingi 800,000 kwa jumla. Sasa maneno yake yamepitwa, na wateja hawatoi zaidi ya 7,000. Tena ili ziuzike itambidi atoe shilingi 500 kwa kila doti kumlipa mchuuzi wa kuzitembeza. Kwa kila doti atabakiwa na shilingi 6,500. Kanuni inasema bidhaa zilizo ghalani ziandikwe kwa bei ya kununulia au kwa kile kitakachopatikana zikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuuzia, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Basi doti hizo ziandikwe shilingi 650,000, na hasara ya 150,000 ionyeshwe mwaka huo bila kungoja.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ataiweza. Ugumu huja mwenye mali anaposema, "Ndugu mhasibu, mwezi ujao nakwenda benki kuomba mkopo. Iache ile 800,000." Mtahini atauliza mhasibu anapaswa kufanya nini, naye mtahiniwa ataandika jibu zuri. Siku moja ataulizwa swali hilohilo na mtu anayemlipa mshahara, bila msimamizi wa mtihani na bila alama. Mkizungumza jambo hilo mezani, watoto wakisikiliza, mtakuwa mmefundisha zaidi ya uhasibu.

Kwa sababu hiyohiyo, akitokea mtu wa kunong'ona kwamba ana karatasi ya mtihani ya kuuza, afungiwe mlango. Mara nyingi wa namna hiyo ni matapeli wanaokula fedha za wenye hofu. Na hata kama angekuwa msema kweli, ni ajabu gani mtu kuingia kwa wizi katika kazi ambayo mtaji wake mzima ni uaminifu!

SAA ZA NYUMBA

Mtahiniwa mfanyakazi hana siku nzima. Anayeishi Gongo la Mboto na kufanya kazi katikati ya jiji hutumia masaa barabarani, na hufika nyumbani amechoka. Tupige hesabu pamoja. Akipata saa 2 kwa siku 4 za kazi, hizo ni saa 8. Akiongeza saa 4 za Jumamosi atakuwa na saa 12 kwa wiki. Kwa wiki 16, kuanzia mapema Januari hadi mwisho wa Aprili, atakuwa na saa 192. Kama amejiandikisha kwa masomo 4, kila somo lina saa 48.

Saa 48 zinatosha kufanya kazi nzuri, ikiwa ni saa za kweli. Lakini ukiondoa mgeni aliyekuja bila taarifa, umeme uliokatika, simu ya mkononi iliyolia mara 10 na mtoto aliyetaka kusaidiwa kazi ya shule, saa 2 za jioni huwa dakika 40. Basi nyumba ikae kikao. Tunashauri mkubaliane mambo haya:

Kwanza, saa zijulikane na kila mtu. Wengine huweza kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku. Wengine hulala mapema na kuamka saa 10 alfajiri, wakati jiji limetulia na simu zimenyamaza. Lolote mtakalochagua liandikwe na kubandikwa ukutani.

Pili, simu ya mtahiniwa ikabidhiwe kwa mtu mwingine katika saa hizo. Makundi ya watahiniwa katika simu yana faida yake, lakini aghalabu mtu huingia kutafuta jibu la swali moja akatoka baada ya saa nzima akiwa na habari za mpira.

Tatu, pawepo siku moja ya mapumziko isiyoguswa. Mtahiniwa ambaye hatoki kabisa, hacheki na watoto, haendi kanisani wala msikitini, huchoka kabla ya mtihani kufika. Jumapili iwe ya familia.

Nne, mialiko ichujwe. Msiba wa karibu hauna mjadala. Lakini vikao vya maandalizi ya harusi vya kila wiki vinaweza kuhudhuriwa na mtu mmoja wa nyumba kwa niaba ya wote.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya kina mama na kina dada. Wako wengi wanaofanya mitihani hii, na wengi wao hubeba mizigo miwili. Baba akiwa mtahiniwa, nyumba nzima hunyata na chai huletwa mezani. Mama akiwa mtahiniwa, hutakiwa kwanza apike, aoshe, alaze watoto, kisha ndipo afungue kitabu saa 5 usiku akiwa anasinzia. Matokeo yakiwa mabaya, huambiwa kwamba uhasibu ni mgumu kwa wanawake. Ndugu baba wa nyumba, ipige hesabu hiyo kwa haki. Zile saa 48 za kila somo zinahitajika kwa mtahiniwa yeyote, na mtihani haupunguzi swali kwa aliyekuwa jikoni. Ugali unaweza kusongwa na mkono wowote uliooshwa.

FEDHA ZA MTIHANI

Jambo la fedha huleta ugomvi kwa sababu aghalabu halisemwi mapema. Kuna ada ya kuandikishwa, kuna ada ya mtihani, kuna vitabu, kuna masomo ya jioni kwa wanaoyahitaji, na kuna nauli. Hizi zikija kila moja kwa ghafla, huonekana kama mwizi anayerudi nyumbani kila wiki.

Dawa yake ni daftari. Andikeni gharama zote zinazotazamiwa mpaka siku ya mtihani, mzijumlishe na kuzigawa kwa miezi iliyobaki. Tuseme jumla imekuwa shilingi 600,000 na imebaki miezi 6. Basi kila mwezi itengwe 100,000, kabla ya fedha za mapambo, mavazi mapya na upatu. Ikiwa mshahara hauwezi kubeba kiasi hicho, ni heri kujiandikisha kwa masomo machache kuliko kukopa kwa watu wa riba kali. Chama cha kuweka na kukopa cha kazini kikiwepo, kitangulie. Na mtahiniwa azungumze mapema na mkuu wake wa kazi kuhusu likizo ya siku za mtihani. Baadhi ya waajiri hulipia pia sehemu ya ada, lakini asiyeuliza hapewi.

Daftari hilo la nyumba lina faida nyingine. Ni jambo la kuchekesha kidogo kumwona mtu anayejua kuunganisha hesabu za makampuni matatu, lakini hajui mwezi uliopita nyumba yake ilitumia kiasi gani kwa mkaa na gesi. Aanzie hapo. Kila shilingi inayoingia iandikwe, kila inayotoka iandikwe, na mwisho wa mwezi salio la daftari lilinganishwe na fedha iliyopo. Watoto waone. Huenda mhasibu wa pili wa nyumba hiyo akapatikana kwa njia hiyo.

MATOKEO YAKIWA MABAYA

Hatuwezi kumaliza bila kulitaja jambo ambalo nyumba nyingi hulificha. Watu huanguka katika mitihani hii. Wanaanguka wenye shahada, wanaanguka wakuu wa ofisi, na wanaanguka waliokuwa wa kwanza darasani. Siku ya matokeo wengine huzima simu, na wengine hukaa miezi bila kuwaambia wazazi.

Familia na isimwongezee mzigo. Maneno kama "tumekusomesha bure" hayajapata kumfaulisha mtu. Mpeni siku chache za kunyamaza. Kisha kaeni naye kama vile mkaguzi anavyokaa na hesabu zilizopotoka, bila hasira wala kutafuta mchawi. Ni somo lipi? Je, hakuelewa, au alielewa lakini saa ikamshinda? Aliandika mazoezi mangapi kwa mkono wake mwenyewe, na mangapi aliyasoma tu? Zile saa 192 zilizopangwa zilikuwa ngapi kwa kweli? Mara nyingi majibu ya maswali hayo yataonyesha mahali pa kurekebisha, na mengine yatawahusu wale waliokaa naye nyumbani.

Ikiwa mtahiniwa ameamua kupumzika kipindi kimoja kwa sababu ya mtoto mchanga, ugonjwa au ada, hilo nalo si aibu. Lililo baya ni kujiandikisha kila kipindi kwa mazoea, kulipa ada, kutosoma, na kuingia ukumbini kubahatisha. Hiyo ni hasara inayojulikana mapema, na mhasibu hapaswi kuivumilia katika hesabu zake mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, kama mtihani wa mtu wenu unakaribia, itisheni kikao leo jioni baada ya chakula. Leteni kalamu, karatasi na kalenda. Andikeni saa, andikeni gharama, gawaneni kazi za nyumba, na mkubaliane nani atashika simu na nani atashika saa. Kisha mwacheni mtahiniwa achukue swali moja la mtihani uliopita, afunge kitabu, na alijibu mpaka mwisho.